Mdogo wangu anameza vidonge vya kukesha, anasema hata panya viliwasaidia. Nimjibu nini?

Dada_Kondele:
Habari za jioni ndugu zangu. Mdogo wangu anasomea uuguzi hapa Kisumu, mtihani umebaki wiki tatu. Tunaishi pamoja, kwa hiyo namwona. Tangu mwezi uliopita anameza vidonge alivyouziwa na mwenzake, vimefungwa kwa kipande cha gazeti, havina pakiti wala jina. Anasema ni modafinili. Anasoma mpaka jogoo la kwanza. Juzi asubuhi nilishika daftari lake nikamuuliza ukurasa alioupigia mistari ya wino mwekundu usiku uleule. Alitazama dari, akasema anakumbuka ulikuwa upande wa kushoto. Basi. Nikimwambia alale, ananijibu kwamba wanasayansi waliwapa panya dawa hiyo wakawa na kumbukumbu nzuri. Mimi ni fundi wa nguo, sina la kumjibu. Ni kweli?

Dereva_Salgaa:
Pole dada. Mimi natafuna miraa nikiendesha lori usiku. Macho yanabaki wazi, lakini ukiniuliza kesho yake nilipita Nakuru saa ngapi, sijui.

Maabara_Njoro:
Dada, nimetunza panya wa maabara miaka kadhaa. Kijana hajakudanganya, ila ameshika nusu ya habari. Wapo panya waliopewa modafinili wakaingizwa kwenye vijia vyenye umbo la T, wakakumbuka vizuri zaidi upande waliopita mara iliyotangulia. Lakini hiyo ni kumbukumbu ya muda mfupi, kama unavyoshika vipimo vya mteja kichwani mpaka uvifikishe kwenye daftari. Mtihani wa wiki tatu zijazo unataka kitu kilichokwisha kukaa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika baada ya kusoma, mtu akiwa amelala. Mwaka 1994 watafiti Wilson na McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, zilizowaka pamoja panya akizunguka mahali fulani, huwaka pamoja tena akilala.

Hii ndiyo ningependa aisikie. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwafundisha panya kuogopa kisanduku walimopigwa shoti ya umeme miguuni. Walionyimwa usingizi kwa saa 5 za kwanza baada ya somo, kesho yake hawakukiogopa kama wenzao. Walionyimwa kuanzia saa ya 5 hadi ya 10 walikikumbuka. Na hapo hapakuwa na dawa yoyote, waliguswaguswa tu wasisinzie! Kukesha kwenyewe ndiko kulikoharibu. Sasa modafinili, hata baada ya takribani saa 15 nusu yake huwa bado mwilini. Akimeza saa mbili usiku, alfajiri anapojitupa kitandani bado imemshika.

Muuguzi_Kakamega:
Mimi vidonge vya gazetini vinanitia hofu kuliko hata mtihani. Modafinili huandikwa na daktari, Marekani iliruhusiwa mwaka 1998 kwa watu wanaozidiwa na usingizi mchana. Hamjui kilichomo humo. Akiona upele, vidonda mdomoni au homa, aache na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usivitupe, mwonyeshe mfamasia.

Dada_Kondele:
Asanteni sana. Nimemsomea majibu yenu nikiwa kwenye cherehani. Kwa dereva alinyamaza. Kwenye zile saa 5 aliweka kalamu chini, akauliza: wale panya waliruhusiwa kulala baadaye? Kumbukumbu ilirudi?

Maabara_Njoro:
Ameuliza vizuri. Waliruhusiwa. Walipimwa saa 24 baada ya somo, muda wa kulala walikuwa nao, na pengo lilikuwa palepale. Mwambie asome kuanzia alasiri, afunge vitabu saa nne.

Dada_Kondele:
Amenipa karatasi yenye vidonge, vimebaki saba. Kesho navipeleka kwa mfamasia kabla sijafungua kazi. Sasa hivi ni saa nne na nusu, taa ya chumba chake imezimwa.