Tupeane uzoefu: Ove Arup, mhandisi aliyeuliza kwanza "itajengwaje?"

Nondo16:
Wakuu, tumkumbuke Ove Arup, aliyefariki mwaka 1988 akiwa na miaka 92. Wengi wanamjua kwa Jumba la Opera la Sydney, Australia, tu. Kabla ya kufungua kampuni yake London mwaka 1946, alifanya kazi zaidi ya miaka 20 upande wa wakandarasi, akibuni gati na maghala ya nafaka. Huko ndiko alikozoea kuchora jengo pamoja na namna litakavyosimamishwa. Anayeijua kazi yake aiweke hapa kwa vipimo.

Fundi Mizani:
Tuanzie Kingsgate, daraja la waenda kwa miguu mjini Durham, Uingereza, 1963. Urefu kama mita 107, juu ya mto Wear kwa kama mita 17. Kusimamisha jukwaa kutoka mtoni hadi kimo hicho kungemeza bajeti, nayo ilikuwa ndogo. Arup akaligawa daraja mara mbili. Kila nusu ilimwagwa ukingoni kwake, sambamba na mto, jukwaa likiwa nchi kavu. Miguu yake imetanuka kwenda juu kama vidole, na chini inakutana kwenye pia, yaani kikalio chenye umbo la koni kinachoweza kuzunguka. Zege lilipokomaa, nusu hizo, kila moja kama tani 150, zikazungushwa kwa nguvu za mikono hadi zikakutana katikati ya mto.

Anayetaka kuiga njia hii aanze na mizani. Chukua mkono, yaani upande mmoja wa nusu kutoka kwenye pia hadi nchani, wa mita 25 wenye upana wa mita 2. Fundi akizidisha unene milimita 10 tu upande mmoja, hapo kuna nusu mita ya ujazo ya ziada, yaani tani 1.2, na kitovu chake kiko mita 12.5 kutoka kwenye pia. Uzito huo unavuruga mizani ya nusu hiyo juu ya pia. Kwa hiyo unene unapimwa zege likiwa bado bichi, si baada ya kuvua mbao.

Mwanafunzi_Zege:
Shikamoo wakuu. Kwa nini pale katikati pasingemwagwa zege tu, likawa kitu kimoja?

Fundi Mizani:
Marahaba. Kwa sababu ya joto. Zege hurefuka kama milimita 0.01 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Nusu ya mita 53, tofauti ya nyuzi 30: milimita 16 hivi. Ukiifunga, msukumo huo unarudi kwenye miguu, na nyufa zinaanzia pale vidole vinaposhika sakafu. Arup aliweka kiungo cha bronzi kinachofungamana, kinachoruhusu kurefuka lakini hakiachi upande mmoja ushuke peke yake. Tena hakukificha. Mpita njia anakiona wazi, na anaelewa daraja liliunganishwa wapi.

Kalibu Moja:
Sydney ina mafunzo ya aina mbili. Zuri ni la tufe, yaani umbo la mpira. Magamba ya paa aliyochora msanifu majengo Jørn Utzon mwaka 1957 kila moja lilikuwa na mkunjo wake, maana yake kila kipande kingetaka kalibu yake, yaani umbo la kumwagia zege. Mwaka 1961 yote yakakatwa kutoka tufe moja la nusu kipenyo cha mita 75 hivi. Mkunjo ukawa mmoja, kalibu zikatumika tena na tena. Vipande 2,194 vikamwagwa chini, vikapandishwa kwa kreni, vikaunganishwa kwa gundi ya epoksi na kubanwa kwa nyaya za chuma zilizovutwa.

Chungu ni la msingi. Serikali ililazimisha kazi ianze mwaka 1959, paa likiwa halijapigiwa hesabu. Uzito wa paa ulipojulikana, nguzo zilizokwisha simama hazikuweza kuubeba, zikabidi zijengwe upya. Hesabu inaanzia juu kushuka chini. Ukimwaga chini kabla ya kujua cha juu, unabahatisha.

Ringi8:
Msisahau bwawa la pengwini la London Zoo, 1934, alilofanya na msanifu majengo Berthold Lubetkin. Njia mbili za zege zinazunguka bila nguzo katikati. Mteremko wa namna hiyo unapinda na kujisokota kwa pamoja, na msokoto ndio unaosahaulika. Ringi, vyuma vyembamba vinavyozunguka nondo za urefu, lazima zifunge kabisa, ncha zikunjwe nyuzi 135 ziingie ndani ya zege. Ringi iliyo wazi upande mmoja haizuii msokoto hata ukiongeza nondo za urefu.

Nondo16:
Asanteni sana. Niongeze la uongozi. Tarehe 9 Julai 1970, mjini Winchester, alizungumza na wenzake waliokuja kutoka ofisi mbalimbali kuhusu kazi bora, haki kwa wafanyakazi na faida ya kuridhisha. Hadi leo kampuni inashikiliwa na udhamini kwa niaba ya wafanyakazi wake, haina wanahisa wa nje.

Na kuhusu Kingsgate: ndilo la mwisho alilolibuni yeye mwenyewe. Alipofariki, majivu yake yalimwagwa mtoni kutoka juu ya daraja hilo.