Tupeane uzoefu: zawadi ya kiasi kwa wanaofunga ndoa kwa mara ya pili

Mwanzisha mada, Uyole
Wanajamvi, heshima kwenu. Jirani yangu, mama mjane ambaye watoto wake wameshakua, anafunga ndoa na mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, na wote wawili wamesema wazi kwamba hawataki kamati wala kadi za michango. Kutakuwa na ibada asubuhi na chakula cha mchana nyumbani. Nimetenga shilingi 40,000. Nikipita sokoni Mwanjelwa naona seti za vyombo, mapazia na chupa za chai, yaani vitu vile vile tunavyowapelekea vijana wanaoanza maisha, ilhali hawa wana makabati mawili yaliyojaa. Waliowahi kuchagua zawadi ya ndoa ya namna hii, naomba mtueleze mlipeleka nini na ilipokelewaje.

Mkazi wa Mafinga
Kaka yangu alioa tena baada ya talaka, na mimi na mke wangu tuliwapelekea blanketi moja zito la kitanda kikubwa. Sababu haikuwa baridi peke yake, ingawa kuhusu Juni na Julai huku Mufindi hakuna anayehitaji kuelezwa. Sufuria haina kumbukumbu nyingi, lakini matandiko yanazo. Shemeji alikuja na yake, kaka alikuwa na yake, na hakuna aliyetaka kujifunika blanketi la ndoa iliyopita ya mwenzake. Shemeji mwenyewe alituambia baadaye kuwa hiyo ndiyo zawadi waliyoanza kuitumia.

Mama wa Kihesa, Iringa
Kama kuna watoto wadogo, mimi ningewaangalia hao kwanza. Mdogo wangu aliolewa na baba mwenye watoto watatu, na karibu kila mgeni alileta kitu cha maharusi peke yao. Mimi nilinunua kikapu cha milulu, hivi vinavyofumwa na akina mama wa huku kwetu na ambavyo wageni huvinunua kwa bei tusiyoilipa sisi wenyeji, nikatia ndani majani ya chai, asali na unga wa ulezi, vitu ambavyo familia nzima ingevitumia asubuhi. Kwenye kadi niliandika majina ya wote watano hadi kitinda mimba. Kwa mwanzisha mada hili halina uzito sana, kwa kuwa watoto ni watu wazima, ila wengine watasoma.

Mkulima, Njombe
Huku kwetu siku hizi watu hupeana miche ya parachichi. Mche wa Hass, aina mojawapo ya parachichi, uliobebeshwa (yaani kikonyo chake kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine) huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na miche michache haitamaliza fedha uliyotenga. Hata hivyo, kabla ya kununua, uliza itapandwa kwenye ardhi ya nani. Shangazi yetu aliolewa tena akiwa bado anaishi kwenye shamba la marehemu mumewe, nasi tukampelekea miche, akaipanda kando ya nyumba kwa furaha kubwa. Mvua hazijaisha, shemeji zake wakaja kuuliza ni nani anayepanda miti ya kudumu katika eneo la watoto wa ndugu yao, kwa sababu kijijini mti wa kudumu ni dai la umiliki, hata kama aliyeupanda hakuwa na nia hiyo. Walikaa wazee, wakazungumza kwa adabu, na miche ikahamishiwa kwa mume mpya. Mingine ilikufa njiani. Zaidi ya hayo, ndoa ikifungwa wakati wa kiangazi, maharusi watalazimika kuimwagilia miche ikiwa kwenye viriba hadi Novemba au Desemba.

Mwanzisha mada, Uyole
Nashukuru, kaka. Nyumba watakayoishi ilijengwa na marehemu na watoto wake wana haki humo, kwa hiyo miche naiacha. Je, bahasha ikiwa na kiasi hicho itaonekana vipi?

Mwanakwaya, Tukuyu
Pasipo mshereheshaji wa kutangaza bahasha moja moja, kiasi hicho hakina aibu yoyote. Mlezi wetu wa kwaya alipoolewa tena alikataa zawadi kabisa, na sisi tukaliheshimu neno lake kwa namna yetu: tulichangishana, tukampelekea mchele wa Kyela na mikungu ya ndizi mapema, na akina mama wakaenda kumenya na kupika. Alipokea, kwa kuwa ni msaada wa shughuli. Kwa watu wanaojilipia chakula cha wageni wenyewe, naona hii inawafaa kuliko kitu cha kuwekwa kabatini.

Bibi wa Soweto, Mbeya
Wajukuu, mkichagua khanga, someni jina lake kabla ya kulipa. Katika ndoa ya pili ya binti wa dada yangu, mgeni mmoja alileta doti iliyoandikwa "Subira yavuta heri", kwa nia njema kabisa, na nusu ya ukumbi ikacheka kana kwamba bibi harusi alikuwa ameketi akisubiri mume. Tafuteni yenye dua. Muuzaji akiwaambia kuwa zote ni sawa, mwombeni aikunjue yote, maana ikiwa imekunjwa jina mara nyingi hubaki ndani.