Mrejesho: RAID 1 ya mdadm, sasa kompyuta inawaka hata kwa diski moja

Wakuu, niliuliza namna ya kuunganisha diski mbili kwa RAID 1 (kila diski inabeba nakala ileile) ya mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, kwenye Debian, ili moja ikifa kompyuta iendelee kuwaka. Imekubali, asanteni sana mlionijibu.

Ugumu haukuwa kwenye RAID yenyewe bali kwenye UEFI, programu ya ubao mama inayoanza kabla ya mfumo endeshi. UEFI haiijui mdadm. Inasoma kizigeu cha EFI (sehemu ndogo ya diski yenye faili za kuwashia) chenye mfumo wa faili wa FAT tu. Kwa hiyo kila diski nimeipa kizigeu chake cha EFI nje ya RAID, na mfumo uliobaki ukakaa juu ya /dev/md0, yaani RAID yenyewe. Kuna aliyependekeza EFI iwe ndani ya RAID kwa metadata 1.0 (maelezo ya RAID), ambayo hukaa mwishoni mwa kizigeu, hivyo UEFI inakiona kama FAT ya kawaida. Inawezekana, lakini UEFI ikiandika chochote upande mmoja, nakala zinatofautiana bila mdadm kujua. Sikuipenda njia hiyo.

Nilinakili yaliyomo kwenye EFI ya pili, nikaisajili kwenye orodha ya kuwashia ya UEFI kwa amri ya efibootmgr. Kwenye fstab (faili inayoorodhesha vizigeu vya kupachikwa wakati wa kuwaka), mstari wa /boot/efi, yaani kizigeu cha EFI, niliuongezea nofail, kwamba kikikosekana mfumo uendelee tu. Hili msilipuuze: bila hilo, diski ya kwanza ikikosekana, systemd, inayoanzisha huduma za mfumo, inaisubiri weee, kisha inakutupa kwenye hali ya dharura.

Nikazima, nikachomoa waya wa diski ya kwanza, nikawasha. Ikawaka vizuri, /proc/mdstat (hali ya RAID) ikionyesha [_U], yaani diski moja haipo na moja ni nzima. Nikairudisha kwa mdadm --add, ikajijenga upya hadi [UU].

Kimebaki kimoja: GRUB (programu inayopakia Linux) ikisasishwa, EFI ya pili haifuati yenyewe. Mwenye skripti ya kuinakili kila baada ya apt kusasisha programu, naomba anigawie.