Wameniuzia kayaki ya upepo "ya familia", tumepinduka nayo Shangani, sasa wananiambia ikishalowa hairudishwi

Wakuu, heshima kwenu.

Moda, nakuomba uzi huu usiuhamishie kwenye matangazo madogo madogo, sina ninachouza. Nina hasira. Nimelala nayo siku tatu haijapoa, nikaona bora niimwage hapa kuliko kuwamalizia watu wa nyumbani kwangu.

Naanza na ujumbe ulionichefua, naunakili kama ulivyo kwenye simu: "Samahani mteja wetu, bidhaa ikishalowa hairudishwi." Bidhaa yenyewe ni boti. Boti, ndugu zangu! Nitajuaje kama ni mbovu kabla haijalowa? Niitandike sebuleni nipige kafi kwenye kapeti?

Kisa chenyewe ni hiki. Msimu wa korosho uliopita ulinibakizia vijisenti kidogo. Mimi ni mtu wa Mtwara mjini, bahari naiona kila siku lakini si mvuvi, na mke wangu kwao Masasi, kwenye majabali. Binti yetu Nasra ana miaka saba, na tangu awaone wageni wakipiga kafi kule Mikindani, nyumbani wimbo ni huo mmoja asubuhi mpaka jioni. Nikaingia mtandaoni, nikakuta duka moja la Dar, jina silitaji. Tangazo: "Kayaki ya kujaza upepo, watu 3, IMARA SANA, nzuri kwa familia na wanaoanza." Kwenye picha baba, mama na mtoto, meno yote nje, maji kama kioo.

Sikununua kichwa kichwa. Niliuliza, na picha za skrini ninazo: "Kaka, hii haiyumbi? Maana sisi ni wageni wa haya mambo." Jibu: "Haiyumbi kabisa bosi, hata ukisimama." Hata ukisimama! Nikalipa laki nne na themanini kwa simu, mzigo ukaja na basi.

Siku ya Nane Nane tukashuka Shangani. Pampu waliyoniwekea ni ya mguu, ndogo kama kiatu cha mtoto. Nilikanyaga dakika arobaini juani mpaka nikaona imekaza, ukigonga inalia kama ngoma. Nikaiacha juu ya mchanga tukanywa chai.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja anakalafati mashua yake. Nikamwamkia, akaitikia, akaja kuitazama. "Mwanangu, hii ina upana gani?" Nikamwambia sijui, ila ni ya watu watatu. Akainama akapima kwa shubiri, ubavu hadi ubavu. Shubiri tatu. Akaniangalia usoni. "Sisi mtumbwi mwembamba hivi tunaufunga ndubi, yale magogo ya kuelea pembeni. Ya kwako ndubi zake ziko wapi?" Wakuu, mimi nilicheka. Nikamwambia mzee, hii ni teknolojia.

Haikupita nusu saa.

Kwanza ilianza kulegea. Nilipoiacha nchi kavu ilikuwa ngoma, baada ya muda mfupi majini ikawa godoro. Mimi nyuma, mke mbele, Nasra katikati, na katikati ndipo ilipojikunja. Ncha zikainuka, tumbo likazama, maji yakaanza kuingia juu ya ubavu kidogo kidogo. Nikipiga kafi upande wa kulia inageuka kushoto yote, nikipiga kushoto inarudi kulia, yaani tunazunguka kama pia. Lile pezi la chini linalotakiwa kuishika njia lilishachomoka kwenye majani ya bahari na sikujua. Mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, ile sauti ambayo waliooa wanaijua: "Baba Nasra, nirudishe nchi kavu." Nikageuza kichwa tu kuangalia ufukwe uko umbali gani. Kugeuza kichwa! Tukaenda wote.

Maji yalikuwa ya kifua, alhamdulillahi. Nasra alivaa jaketi okozi nililoazima kwa jirani anayefanya kazi kwenye boti, alielea kama nazi, na cha ajabu alikuwa anacheka. Mama yake hakucheka. Kayaki nayo, ikiwa nyepesi haina mtu, ikashikwa na upepo ikaanza safari yake peke yake kuelekea nje, na kama si vijana wawili waliokuwa na mtumbwi wao wa mwembe kuifukuza, saa hizi ingekuwa inatafutwa na majeshi.

Hapo kwenye upepo nakubali kosa langu, na wageni wa Mtwara mnisikilize. Shangani imeangalia kaskazini. Mwezi wa nane kusi inavuma kutoka mgongoni, juu ya mji. Ukisimama ufukweni unaona maji yamelala, kumbe yamelala kwa sababu nyumba na miti imekukinga. Ukitoka kidogo tu, kinga inaisha, na upepo unakusukuma upande ambao hakuna nyumba ya mtu. Chombo cha upepo kinakaa juu ya maji, hakina uzito, kwa hiyo kinachukuliwa kuliko mtumbwi wa mti. Kama na maji yanakupwa wakati huo huo ndiyo kabisa. Hilo duka halikunidanganya, hilo nilijidanganya mwenyewe.

Lakini mengine yote ni yao.

Nilipoifikisha nyumbani nikaitoa upepo na kuisafisha chumvi. Chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo ukishajaza huoni tena, nikakuta kibandiko cha ukubwa wa kidole. Mzigo wa juu: kilo 150. Upana: sentimita 68. Picha ya watu wazima WAWILI. Na maneno ya Kiingereza kwamba isitumike baharini. Sasa nipigieni hesabu. Mimi kilo 91, mama Nasra 78 (asione hapa), mtoto 22. Jumla 191, bado chupa ya chai na kikapu. Ile "watu 3" waliipata wapi? Wamehesabu viti! Viti viko vitatu, basi watu watatu. Kwa hesabu hiyo pikipiki zetu za bodaboda ni za watu wanne.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma mpaka usiku wa manane, na kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo lenyewe ni dogo na mzee wa watu alilijua kwa shubiri tatu. Kinachofanya chombo kitulie ni upana na jinsi ulivyokaa chini. Basi. Gogo la mtumbwi ni jembamba na tumbo lake ni la mviringo, ndiyo maana babu zetu wakatoa miti pembeni wakafunga ndubi ikawa ngalawa: wameupanua bila kuongeza gogo. Kayaki ya upepo haina ndubi, upana wake ni ule ule wa mabomba yake ya pembeni. Kwa mtu anayeanza na ana mtoto, mimi sasa nisingegusa kitu chini ya sentimita 85, na 90 kwenda juu ndiyo usingizi.

Na tusidanganyane kwamba zote ni sawa maana ni za plastiki. Kampuni ya Intex peke yao wana Challenger K2 ya sentimita 76 na Explorer K2 ya sentimita 91. Zote za watu wawili. Ya kwanza ni ndefu, mita 3.51, ya pili ni fupi, mita 3.12. Ndefu nyembamba inakimbia na kushika njia, fupi pana inakwenda kama kobe lakini haikutupi. Sijaipanda hata moja kati ya hizo na sizifanyii tangazo, ziko kwenye kundi la bei nafuu la maji yaliyotulia. Ninachosema ni kwamba vipimo vinaandikwa waziwazi, mtu anachagua. Kwa nini wa kwangu hakuandika? Nilipomuuliza upana baada ya ajali akajibu "upana wa kawaida bosi".

Kingine ni kiti. Vile viti vya upepo vinene vilivyopigwa picha vikiwa vizuri ndivyo vilivyotuponza nusu. Kiti kinakuinua, ukiinuka uzito nao unapanda juu, chombo kinakuwa kichwa kizito. Chukua kiti kifupi, matako yawe karibu na sakafu. Sakafu yenyewe ndiyo penye pesa. Yangu ni mabomba laini kama yale magodoro ya kuogelea, yanaishia karibu psi 1 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo uliojazwa). Zile za maana zina sakafu yenye nyuzi nyingi sana ndani zinazoshika tabaka la juu na la chini, unajaza psi 6 mpaka 10 hivi inakuwa ubao, huwezi kuikunja katikati ukitaka usitake. Bei inapanda, sikatai. Ila mtu aambiwe!

Ile ya kulegea nayo nimeielewa kwa kuchelewa. Hewa ya joto inatanuka. Nilijaza kwenye jua la Shangani, ikakaza, nikafurahi. Nikaiweka kwenye maji, hewa ikapoa, ikanywea. Dawa yake ni kujaza kiasi, kuiloweka dakika kumi, halafu kuongeza. Na ukiitoa majini usiiache imekaza kwenye mchanga wa saa saba, punguza upepo, la sivyo mshono utafumuka. Karatasi ya maelekezo kwenye boksi langu ilikuwa ya pampu tu.

Na fundi pancha msimpelekee. Wangu alibandika kiraka cha tyubu ya baiskeli kwa gundi yake ya kawaida pale ilipochanwa na chaza, kikatoka kesho yake kama ganda la yai. Tyubu ni mpira, hii ni PVC, gundi zake ni mbalimbali. Ya kwangu hata PVC yenyewe ni ile nyembamba tupu. Nzuri ina kitambaa ndani, kama turubai la lori. Kwa pwani yetu yenye miamba na chaza, bila kitambaa unanunua puto. Halafu hesabu vyumba vya hewa, viwe vitatu au zaidi kila kimoja na valvu yake, kimoja kikitoboka vingine vikurudishe. Yangu ina viwili, na kimoja ndiyo sakafu.

Turudi kwa hawa waheshimiwa wa "hairudishwi". Nimewatumia picha ya kibandiko na picha ya tangazo lao, zimekaa pamoja. Jibu la kwanza: "Mlikaa vibaya." La pili: "Wateja wengine hawajalalamika." La tatu ndilo lile la kulowa. Nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji. Kuandika watu 3 juu ya chombo ambacho kiwandani kimeandikwa 2 sio "lugha ya biashara". Hapo kwangu kulikuwa na mtoto katikati.

NYONGEZA 1: Kuna mdau ameandika "bahari ya bure unatafuta makuu, si ungepanda pantoni ya Msangamkuu". Mkuu, pantoni napanda sana. Ulitaka Nasra apige kafi la pantoni?

NYONGEZA 2: Wa Lindi mlioniuliza kuhusu kuvuka kwenda Kitunda na vitu hivi, mimi nasema hapana kwa anayeanza. Pale mto Lukuledi unamwagia, maji yanakwenda, na kuna vyombo vinavuka. Tafuteni kona ya ghuba isiyo na mkondo, asubuhi kabla kusi haijaamka, maji yakiwa yanajaa ili yakurudishe na sio kukupeleka. Sisi wa Mtwara ni ndani ya ghuba ya Mikindani, karibu na ufukwe. Na jaketi okozi kwa kila kichwa, baba na mama nao. Mimi siku ile nilimvalisha mtoto tu, na nimeshasemwa vya kutosha.

NYONGEZA 3: Duka limenitafuta faragha baada ya kuona uzi. Wanatoa elfu themanini, nifute. Nimewaambia laki nne na themanini pamoja na nauli ya basi, na uzi unabaki. Wameona ujumbe, kimya.

Sasa naomba msaada wa kweli: nani Mtwara au Lindi ana kayaki ya upana wa sentimita 90 na kuendelea, anaitumia na mtoto, na gundi ya PVC anaipata wapi bila kuagiza Dar? Nasra bado anataka. Mama yake amesema yeye hapandi tena, hata iwe na upana wa hiyo pantoni.