Kipimo cha damu kwa maradhi ya utumbo: kinatusaidia au kinatupoteza?

Wana Tanga, hili tulijadili. Wifi yangu wa Makorora ameharisha damu miezi minne, amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Maabara moja ikampima damu, karatasi ikarudi imezungushiwa kalamu nyekundu: ASCA chanya. Akaambiwa papo hapo ana ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa kudumu wa utumbo, na maandazi marufuku!

ASCA ni kingamwili zinazolenga hamira, kweli, lakini hilo halimaanishi hamira ndiyo iliyomuumiza. Huonekana kwa nusu hivi ya wenye Crohn, au zaidi kidogo. Wengine wanao ugonjwa na majibu ni hasi. Kinachonitisha zaidi ni kwamba mwenye kifua kikuu cha tumbo naye huweza kutoka chanya, na TB kwetu si mgeni. Crohn mara nyingi hutulizwa kwa steroidi, dawa inayoshusha kinga. Mpe mwenye TB uone.

Mimi nasema hela ile iwe nauli ya kufuata kamera, utumbo uonekane, kinyama kikatwe kikapimwe.

MAMA ZUHURA: Mdogo wangu, kamera unaitaja kama iko dukani kwa Mangi. Binti yangu ana miaka 14, akisikia mpira wa kuingizwa nyuma analia. Sindano moja ikimsaidia daktari kujua nani atangulie Muhimbili, ubaya uko wapi?

FUNDI MAABARA: Mama, kwa kazi hiyo ya kuchuja kuna kipimo cha choo, kalprotektini. Kikiwa chini, utumbo hauelekei kuwa na uvimbe. Kikiwa juu, umewaka, ingawa hakisemi ni Crohn, TB au amiba. Kingamwili ningeziweka mwisho, kamera ikishapita na daktari bado anasita kati ya Crohn na vidonda vya utumbo mpana. Hapo ASCA ikisomwa pamoja na pANCA, kingamwili nyingine ambayo huelekea zaidi kwenye vidonda, walau zina la kusema.

MIMI: Mama Zuhura, kwa mtoto nakuelewa, dada. Lakini wifi alirudi na jibu, hakurudi na rufaa. Kila tukitaja kamera: "Si nimeshajulikana ninachoumwa?" Tumembembeleza wiki mbili nzima. Kinyama kimekatwa Jumatatu, tunasubiri. Hamira yote ameshaimwaga.