Mrejesho: deni la kodi ya kaunsili, Uingereza

Wapendwa, asanteni. Niliuliza nifanyeje na kodi ya kaunsili (Council Tax, ile ya kulipia huduma za mtaa, si ya pango) baada ya kupunguziwa saa kazini, nikiwa peke yangu na watoto wadogo. Dada aliyesema mtu mzima akiwa mmoja nyumbani hupunguziwa asilimia 25 ya bili alisema kweli. Hata mwenye viza isiyoruhusu misaada ya serikali anapata punguzo hilo. Ule unafuu wa kodi hiyo kwa wenye kipato kidogo nao umekubaliwa. Huo uombeni kaunsili kwenyewe, kuomba Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) pekee hakutoshi. Bili mpya ina mistari miwili ya makato, nimeisoma mara mbilimbili! Kuuhesabu unafuu huo kwa miezi iliyopita wamekataa, deni la zamani liko palepale, nalilipa kidogo kidogo. Ya mwaka huu wameigawa miezi 12 badala ya 10.