Kipimo cha nywele, vipimo vya damu, au virutubisho bila kupima? Mtoto wa miaka 6 mwenye usonji

Mama Idris
Wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni. Mwanangu ana miaka 6, ana usonji, na maneno anayosema ni machache sana. Anakula vitu vitano tu, vyote vikavu na vya rangi inayokaribiana. Hata ule mfuko wa chakula ukibadilika picha, hagusi. Mboga hajaonja tangu akiwa na miaka 2, nyama anaitema. Usiku ndio unaonimaliza: hatulii, miguu inapiga mateke mpaka shuka linaishia sakafuni.

Nina njia tatu na nimeshindwa kuchagua. Ya kwanza ni kupeleka nywele zake maabara inayopima madini na metali zaidi ya 30, kisha wanakutumia orodha ya virutubisho vya kumpa. Ya pili ni kumwomba daktari wa watoto vipimo vya damu. Ya tatu ni kuachana na vipimo, nimpe multivitamini ya watoto na magnesiamu, nione. Nakiri nywele zinanivuta kwa sababu hakuna sindano. Mara ya mwisho alipotolewa damu tulimshika watu wanne, na sijasahau alivyonitazama.

Baba Ilham
Pole dada. Mimi nimelipia hicho cha nywele mara mbili. Ripoti ya kwanza ilipendeza, michoro ya rangi kila ukurasa: shaba juu, zinki chini, aluminiamu juu. Nikaanza kumpa binti yangu virutubisho saba kwa siku. Baada ya miezi minne nikataka kujua kama vinasaidia, nikakata nywele za kisogoni siku moja, nikazigawa mafungu mawili na kuyapeleka maabara mbili. Moja ilisema shaba bado iko juu. Nyingine ilisema iko chini ya kawaida. Kichwa kilekile, mkasi uleule.

Baadaye nikakuta kwamba wengine walishalifanya hilo kabla yangu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichukua nywele za mtu mmoja mwenye afya, wakazigawa na kuzituma kwenye maabara sita. Kwa baadhi ya madini, jibu la juu kabisa lilizidi la chini kabisa kwa zaidi ya mara 10, na ushauri wa lishe uliotoka kwenye maabara hizo ulipingana. Nywele zinabeba pia vya nje: maji ya kuogea, vumbi, rangi, shampuu. Shampuu za mba nyingine zina zinki au seleni ndani yake. Sasa utajuaje kama zinki hiyo imetoka mwilini au kwenye chupa ya bafuni?

Kinachoniuma zaidi ni ile miezi minne. Binti yangu alikuwa na upungufu wa damu wakati wote huo, na hakuna ukurasa hata mmoja wa ripoti uliosema.

Bintirehema
Nafuatilia. Wangu pia halali.

Fundi Darubini
Nafanya kazi maabara na nina mtoto mwenye usonji, kwa hiyo naandika kwa kofia zote mbili. Mama Idris, kabla ya kuchagua kipimo jiulize: jibu likija, nitabadilisha nini? Kama halibadilishi chochote, usimchome mtoto.

Kwa maelezo yako, cha kwanza kabisa ningeomba ferritini, yaani akiba ya madini ya chuma, pamoja na picha kamili ya damu. Mtoto asiyekula nyama wala mboga na anayepiga mateke usiku ana sababu mbili za kupimwa hicho. Hemoglobini inaweza kuwa sawa huku akiba imekwisha, ndiyo maana hemoglobini peke yake haitoshi. Wataalamu wa usingizi wanaotibu watoto wenye miguu isiyotulia huangalia ferritini kama iko chini ya mikrogramu 50 kwa lita, wakati maabara nyingi zitakuandikia "kawaida" hata ikiwa 20. Kwa hiyo omba namba yenyewe. Halafu asipimwe akiwa na homa au mafua, kwa sababu ferritini hupanda mwili unapopambana na maambukizi na itakudanganya.

Cha pili ni vitamini D. Cha tatu, je, anatia mdomoni udongo, rangi ya ukutani, vitu visivyo chakula? Kama ndiyo, apimwe madini ya risasi kwenye damu, na hilo lisisubiri. Marekani tangu 2021 wanamfuatilia mtoto kuanzia mikrogramu 3.5 kwa desilita. Damu ya kidoleni ikionyesha risasi, jibu lithibitishwe kwa damu ya mshipa, kwa sababu uchafu wa ngozi unaweza kuongeza namba.

Zinki inapimika, lakini kwa masharti: asubuhi, chupa maalumu, na hushuka baada ya kula au mtu akiumwa. Magnesiamu ndiyo inayowapoteza watu wengi. Iliyomo kwenye majimaji ya damu haifiki asilimia 1 ya magnesiamu yote ya mwili, hivyo jibu la kawaida halikuambii mengi.

Kuhusu sindano: omba krimu ya ganzi, ipakwe kama saa nzima kabla. Vipimo vyote vitoke kwenye mchomo mmoja. Mwonyeshe picha za hatua moja moja siku kadhaa kabla, na umshike wewe mapajani, si watu wanne.

Mama Safia
Mimi naona mnaikataa njia ya virutubisho haraka mno. Wangu nilimpa vitamini B6 na magnesiamu bila kipimo chochote. Ndani ya wiki tatu alianza kunitazama machoni, na mwalimu wake aliniuliza mwenyewe nimefanya nini. Siwezi kuambiwa sikuona nilichoona.

Bibi Mlezi
Mama Safia, hakuna wa kukuambia hivyo. Ila nikusimulie, kwa sababu kijana wangu sasa ana zaidi ya miaka 30 na nimeyaona mengi. Mwaka 1998 habari zilienea kwamba homoni inayoitwa sekretini imewafanya watoto wenye usonji waanze kuongea. Nilihangaika kuitafuta kama wazazi wengi. Mwaka uliofuata matokeo ya jaribio yakatoka: nusu ya watoto walichomwa sekretini, nusu maji ya chumvi, na wazazi hawakujua yupi kapata nini. Watoto wa makundi yote mawili walionekana na nafuu, sawasawa. Wazazi walipoelezwa matokeo, asilimia 69 walisema bado wanaitaka.

Sikucheka niliposoma. Nililia, maana ningekuwa mmoja wao. Watoto wetu wanakua, wana wiki nzuri na mbaya, na chupa mpya tunaifungua siku tuliyochoka kabisa. Ikifuata wiki nzuri, chupa inapata sifa.

B6 na magnesiamu imejaribiwa tangu miaka ya 1970, na uchambuzi wa majaribio hayo haukupata ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza. Hilo peke yake lisingenifanya niandike. Kinachonitia hofu ni kwamba B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu neva: ganzi na kuchomachoma miguuni na mikononi. Mtoto asiyesema atakuambiaje kwamba nyayo zimekufa ganzi? Wamarekani waliweka ukomo wa miligramu 40 kwa siku kwa umri wa miaka 4 hadi 8. Ulaya, mwaka 2023, waliushusha hadi 12 kwa mtu mzima. Tafadhali soma lebo ujumlishe.

Mama Safia
Nimejumlisha. Kumbe B6 imo kwenye bidhaa tatu ninazompa, si moja. Jumla ni 85. Asante bibi. Kesho nampigia daktari.

Jabali2
Kuna mzazi amejaribu zile dawa za kuvuta zebaki na metali mwilini? Nimeambiwa kwanza mtoto anapewa dawa, kisha mkojo unapimwa.

Fundi Darubini
Ndugu yangu, usifanye. Dawa hiyo humfanya mtu yeyote atoe metali nyingi kwenye mkojo kuliko kawaida yake, kisha mkojo huo unalinganishwa na wa watu ambao hawakupewa dawa. Karibu kila mtoto ataonekana ana sumu. Na matibabu yenyewe yameua: mwaka 2005 huko Pennsylvania mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki kwa sababu dawa ya aina hiyo ilishusha kalsiamu yake ya damu mpaka moyo ukasimama. Dawa hizi zina kazi yake kwa mtoto aliyethibitishwa kwa kipimo cha damu cha kawaida kuwa na risasi nyingi, na hutolewa hospitali. Kama una wasiwasi na metali, anza na hicho kipimo cha damu.

Umm Layla
Niongeze upande wa chakula, maana mwanangu ana vyakula sita. Kwangu kipimo kilichosaidia kuliko vyote kilikuwa daftari. Siku saba niliandika kila kilichoingia mdomoni, nikampelekea mtaalamu wa lishe, naye kwa kuangalia tu akasema: kalsiamu ndogo, vitamini C karibu hakuna, chuma hakuna. Kiseyeye, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini C, kimeripotiwa mara nyingi kwa watoto wenye usonji wanaokula vyakula vichache. Mtoto anakataa kutembea, fizi zinavimba na kuvuja damu, watu wanahangaika na mifupa kumbe ni lishe. Wengine wamepoteza uwezo wa kuona kwa kukosa vitamini A. Kwa hiyo multivitamini ya kawaida kwa mtoto wa vyakula vitano si upuuzi. Iwe moja, ya watoto, na ujue unaziba pengo la lishe, hutibu usonji.

Utafiti wa Marekani wa 2015 uliangalia watoto wenye usonji wanaopewa virutubisho. Wengi walipata kupita kiasi vitu kama vitamini A na zinki, huku vitamini D na kalsiamu, walizokuwa wanazikosa kweli, bado hazitoshi. Zinki ikizidi hushusha shaba. Vitamini A na D hujikusanya mwilini.

Na hili naomba mlishike: usifiche dawa ndani ya chakula anachokipenda. Mimi nilificha unga wa kalsiamu kwenye kimoja kati ya vyakula saba vya mwanangu. Aliigundua ladha. Ndiyo maana leo ni sita, na miaka miwili imepita.

Mama Idris
Nimerudi baada ya wiki sita. Krimu ya ganzi ilisaidia. Alilia, lakini nilimshika peke yangu. Vitamini D iko sawa, risasi haina shida. Ferritini ilikuwa 8. Daktari amempa chuma ya maji, na tutapima tena baada ya miezi mitatu. Nimeweka pia multivitamini moja. Magnesiamu nimeiacha kwanza, nisije nikashindwa kujua kipi kimefanya nini.

Kuongea hakujabadilika, na sikutegemea. Ila daftari langu la usiku linaonyesha wiki hii shuka limebaki kitandani siku nne kati ya saba. Naandika namba tu, sijasema kitu kwa mtu nyumbani.

Swali: chuma yenyewe anaitema nusu, na meno yameanza kuwa meusi. Mnafanyaje?

Umm Layla
Tumia bomba dogo lisilo na sindano, lipeleke ndani ya shavu nyuma ya meno, kidogo kidogo, kisha maji na mswaki. Weusi huo ni madoa ya juu tu, daktari wa meno huyaondoa. Usimpe na maziwa, yanazuia chuma. Choo kikiwa cheusi usiogope. Na hiyo chupa ifungie kabatini juu kabisa, maana chuma nyingi kwa mkupuo humuua mtoto mdogo, na hao watoto wetu hupanda kila mahali.